Mungu ananiita kwenye maafa, au ni huzuni ya Katesh?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Babati, natunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Pia ni mwanakwaya. Maporomoko ya tope yalipotokea Hanang, Desemba 3, 2023, kanisa letu lilikusanya nguo, unga na mablanketi, nami nikapanda lori mpaka Katesh. Nilipewa kazi ya kuandika vitu vinavyoshushwa. Daftari halikuwepo, nikaandika kwenye kipande cha boksi la sabuni. Tope lilikuwa limefika madirishani, magogo na mawe yamelala mahali watu walipokuwa wanauzia nyanya.

Tangu hapo sina raha dukani. Nikisikia mafuriko popote, sipati usingizi. Nikiomba, neno ni lile lile: nenda. Mchungaji anasema huo ni wito, nisiuzime. Mama anasema mimi ndiye ninayemlipia mdogo wangu ada, na wito hauliwi. Tena kuna jambo liliniuma. Nilianza kumwombea mama mmoja kwenye foleni ya mablanketi, msimamizi akanivuta pembeni akasema maombi yasubiri. Nitafanyaje kazi ambayo Mungu amenituma, ikiwa siruhusiwi hata kumtaja? Na nianzie wapi?

Mwanakwaya, Babati

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia jicho langu linakwama kwenye lile boksi la sabuni. Waliokwenda Katesh wengi hunisimulia tope na vilio. Wewe umekumbuka kwamba daftari halikuwepo.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na miaka mingi nimejitolea na Msalaba Mwekundu. Lile tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilinikuta Bukoba. Watu wenye huruma hawakupungua hata siku moja. Aliyepungua ni mtu wa kujua maturubai mangapi yameingia, yametolewa kwa nani, na kijiji gani cha mbali hakijapata hata moja. Pasipo na leja, mwenye nguvu anachukua kwa jina lake, halafu kwa jina la shemeji yake, na bibi mjane wa ng'ambo ya bonde anaambiwa mzigo umekwisha. Hapo sadaka inageuka fitina, na watu waliofiwa pamoja wanaanza kuangaliana vibaya. Nimeona ugomvi wa namna hiyo ukidumu kuliko nyufa za nyumba.

Na nguo! Unafungua kiroba kilichotoka mbali kwa mapenzi makubwa, unakuta kiatu cha kulia peke yake, gauni la harusi, suti iliyoliwa na panya, na nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa. Wanawake sita wanakaa chini kuchambua mpaka giza linaingia. Wakati huo huo msichana anakusogelea, mkono mdomoni, anaulizia pedi kwa sauti ya chini. Wa pili anataka kanga, wa tatu ndoo yenye mfuniko. Mtu wa stoo anajua kuuliza kinachohitajika kabla lori halijapakiwa. Waliomo kwenye kazi hii huuita ugavi, nao hulia usiku na mchana kwamba watu wake ni wachache. Kwa hiyo, kabla hujaichukia stoo yako, itazame vizuri.

Je, ni Mungu? Sina kipimo cha sauti anayoisikia mwingine. Ninachojua ni kwamba huzuni hupenda kwenda kwenye tukio jipya, kule kila mtu anakotazama. Hanang walifariki watu 89. Magari ya misaada yalijaa ile barabara, kisha yakaondoka, na waliopoteza nyumba wakabaki kusubiri mpaka makazi mapya yalipojengwa kule Waret. Barua yako inataja mafuriko popote, lakini sijaona mahali unaposema ulirudi Katesh. Basi la Singida linapita hapo Babati kila siku. Yule mama wa kwenye foleni anaendeleaje? Nenda ukamjulie hali, bila lori na bila fulana ya kanisa. Ukirudi nyumbani na bado unasikia "nenda", mimi nitakuwa upande wa mchungaji wako.

Ila usiache kazi. Wahubiri wetu wakimsoma Msamaria Mwema huishia kwenye mafuta, divai na majeraha. Mimi hupenda asubuhi yake. Alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akamwambia amtunze mgonjwa na kitakachozidi atakilipa akirudi, kisha akaendelea na safari yake. Alikuwa na fedha mfukoni, alikuwa na shughuli zake, na alijua kumkabidhi mgonjwa kwa mtu mwenye kitanda. Mama yako hapingani na Mungu kwa kutaja ada. Mdogo wako naye ni jirani.

Sasa yule msimamizi. Angeweza kukuambia kwa upole zaidi, lakini alikuwa sahihi. Mtu aliyenyoosha mkono kupokea blanketi hawezi kukukatalia. Ataitikia amina kwa lolote utakalosema, kwa sababu usiku wa Katesh ni baridi na ana watoto. Usidhani sharti hilo limetungwa na wasioamini. Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada yalikubaliana kanuni za mwenendo, mojawapo ikisema msaada usitumike kueneza msimamo wa kisiasa wala wa kidini. Miongoni mwa waliozitunga walikuwamo Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, Shirikisho la Walutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, bega kwa bega na Msalaba Mwekundu. Makanisa yenyewe, mwanangu.

Kule Bukoba, tetemeko lilipiga Jumamosi alasiri na Idd el-Hajj ilikuwa imekaribia. Mama mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa imepasuka alikuja kuomba turubai. Nikamwonyesha la kuezekea. Akatikisa kichwa: alitaka kipande kisafi cha kuswalia siku ya Idd, kwa sababu uani kwake palikuwa na vumbi la matofali tupu. Tulifagia kokoto, tukatandika, nikampokea mtoto wake mgongoni ili aweze kusujudu. Mimi ni Mlutheri tangu kubatizwa, na niliporudi hemani usiku ule nilimshukuru Mungu kuliko nilivyowahi kumshukuru kwenye ibada yoyote. Hakuna aliyenikataza, na hakuna aliyelazimika kunisikiliza.

Kwa hiyo omba kabla hujatoka, omba usiku ukilala. Mtu akishapata blanketi lake, kisha mwenyewe akakuambia "niombee", mwombee. Akiwa wa imani nyingine, mwitie sheikh wake au padri wake.

Unauliza uanzie wapi. Nenda ofisi ya Msalaba Mwekundu ya mkoa wako, ujiandikishe kuwa mjitolea, uombe mafunzo ya huduma ya kwanza. Watakuweka kwenye kazi zisizo na shangwe: kuhimiza unawaji mikono, kusimamia watu kwenye uchangiaji damu, kubeba viti. Kubali. Halafu nenda kwa mtendaji wa kata yako umuulize kamati ya maafa ya kata ilikaa lini mara ya mwisho. Kamati hizo zipo kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, mpaka ngazi ya kijiji. Akikuna kichwa, umepata pa kuanzia.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, jifunze na hesabu za kambi. Kiwango cha kawaida ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Ukiweza kuzigeuza hizo kuwa orodha ya matangi, mabati na mbao ndani ya saa moja, utatafutwa. Mbele ya safari, ukipata nafasi, Chuo Kikuu Ardhi pale Dar es Salaam kina kituo cha mafunzo ya usimamizi wa maafa. Ajira kwenye mashirika zipo, lakini nyingi ni mikataba mifupi, na mama yako anastahili kulisikia hilo kutoka kwako mapema.

Kanisani, pendekeza mambo mawili: leja halisi yenye jalada gumu, na mfuko wa fedha badala ya viroba vya nguo. Watakaonuna watakuwepo. Wanakwaya wenzako watasema umeanza kiburi.

Na bosi wako mweleze sasa, kabla mvua za masika hazijaanza, kwamba likitokea la kutokea utamwomba wiki moja bila mshahara, na stoo utaiacha imehesabiwa. Anayeuza mabati na misumari Babati hahitaji kufundishwa maana ya nyumba kubomoka. Tena kama ni mfanyabiashara mzuri, atakuuliza wanahitaji nini.