Mchina wangu na neno prove

SWALI: Shikamoo dada, namfundisha Mchina mmoja Kiingereza hapa Njiro, kila sentensi anaweka prove, jana kaandika "the clouds prove it will rain", nimsaidieje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo anatafsiri zhengming, neno la kwao linalobeba prove mpaka cheti chenyewe, kama thibitisha yetu inavyobeba prove na confirm. Msimamishe dirishani siku Mlima Meru umejifunika mawingu, mwambie mawingu yana-suggest mvua, yaani yanadokeza tu, utabiri wa redio una-support, yaani unaongezea uzito, mkitoka mkalowa ndo ime-confirm. Prove aiweke kwenye hesabu na mahakamani, pale hamna wa kubisha tena. Justify asiichanganye humo kabisa, hiyo ni kueleza kwa nini ulibeba mwavuli, na hapo ndo naona wengi wanateleza.