Kupoza turbini kubwa ya mvuke kabla ya kuifungua

Turbini kubwa inayotumia mvuke wa nyuzi 540 za sentigredi, ukiizima na kuiacha ipoe yenyewe ndani ya blanketi zake za kuzuia joto, huchukua kama siku tano hadi saba kabla chuma cha upande wa presha kubwa hakijashuka kufikia nyuzi 150. Siku zote hizo kuna mtu anauliza mtaifungua lini kwa matengenezo. Haraka hiyo tunaielewa, maana mashine ikilala umeme hauuzwi. Lakini mahali pa kuokoa muda ni kabla ya kuzima, mashine ikiwa bado na mzigo, yaani ikiwa bado inazalisha umeme.

Ukizima kwa usiku mmoja tu, unataka chuma kibaki moto ili asubuhi uwashe upesi. Ukizima ili ufungue, unataka kinyume chake. Acha vali za kuingizia mvuke zikiwa wazi, kisha shusha presha na joto la mvuke pamoja na mzigo, ili mvuke wenyewe ndio upoze mashine. Nenda taratibu, kama nyuzi 1 kwa dakika, na joto la mvuke libaki angalau nyuzi 50 juu ya kiwango cha kuchemka kwa presha ile. Ukishuka chini ya hapo, matone ya maji yanaanza kupiga bledi, yaani mapanga ya turbini. Ukifuata njia hii unaweza kutripu, yaani kukata mvuke na kuzima kabisa, chuma kikiwa karibu nyuzi 350 hadi 400, na hapo umeshaokoa zaidi ya siku nzima bila kumkimbiza mtu.

Ukishatripu, usikimbilie kufunga mvuke wa glandi, yaani ule unaoziba mwanya pale shafti inapotokeza kwenye kasha, ganda la nje la turbini. Maadamu kuna ombwe kwenye kondensa (chombo kinachogeuza mvuke kuwa maji), mvuke huo ndio unaozuia hewa ya nje isivutwe kupitia sili. Ukiukata mapema, hewa ya nyuzi 30 inapita juu ya shafti yenye nyuzi 300 na zaidi. Chuma kinasinyaa ghafla, nafasi za sili zinakwisha, msuguano unaanza. Vunja ombwe kwanza, subiri geji isome sifuri, ndipo ufunge.

Rota, yaani shafti pamoja na bledi zake, ikisimama tu, gia ya kuzungushia, ile inayoizungusha polepole kwa mota, iwe imeshashika. Kwenye hili hatuna mjadala. Ndani ya kasha joto hupanda juu, kwa hiyo rota iliyosimama hubaki na mgongo moto kuliko tumbo. Piga hesabu: rota yenye kipenyo cha mita 0.6 na urefu wa mita 5 kati ya beringi mbili, mgongo na tumbo vikitofautiana nyuzi 10 peke yake, huinuka katikati kwa karibu milimita 0.6. Nafasi kati ya meno ya sili na shafti mara nyingi haizidi hapo. Ndiyo maana rota iliyoachwa bila kuzungushwa hugoma.

Kabla gia haijashika, pampu ya oili ya kunyanyulia shafti iwe inafanya kazi. Kwa mwendo wa mizunguko michache kwa dakika, utando wa oili haujijengi wenyewe, na shafti itakwangua babiti, chuma laini kilichotandikwa ndani ya beringi. Kila saa andika kipimo cha kupinda kwa shafti pamoja na ampea za mota ya gia. Ampea zikipanda na kushuka kwa kufuata mzunguko wa shafti, kuna mahali panagusa. Chukua fimbo ya chuma, weka ncha moja kwenye nyumba ya glandi na nyingine sikioni: utasikia mkwaruzo mfupi unaojirudia mara moja kila mzunguko. Ukiusikia, usizime gia. Tafuta hewa baridi au maji yanaingilia wapi.

Gia ikiharibika, piga chaki upande wa juu wa shafti, kisha zungusha nusu duara kwa mkono kila baada ya dakika 15 hadi 30, kadiri kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Rota ikigoma kabisa, iache. Endeleza oili kwenye beringi, funga dreni na kila upenyo wa hewa ili juu na chini vilingane joto, jaribu tena baada ya saa kadhaa. Usiilazimishe kwa kreni wala kwa mvuke. Mikono ikiwasha kufanya kitu, hapo ndipo sili hukatwa.

Maji nayo yanataka macho. Linganisha thamokapo (vipimajoto) za juu na za chini ya kasha. Tofauti ikikaribia nyuzi 40 na upande wa chini ndio uliopoa, shuku vali ya kunyunyizia inayovuja au dreni iliyoziba.

Ratiba ikibana sana kuna kupoza kwa hewa: pampu za ombwe huvuta hewa kavu iliyochujwa kupitia mashine, rota ikiendelea kuzunguka. Anza na maliza ndani ya mipaka ya mtengenezaji. Rota hupoa na kufupika haraka kuliko kasha, kwa hiyo tazama geji ya tofauti ya urefu kati ya rota na kasha, na ikielekea kikomo cha rota fupi, punguza hewa. Ukitumia naitrojeni badala ya hewa, kumbuka inaua bila harufu.

Chini ya nyuzi 150, watengenezaji wengi huruhusu gia isimamishwe. Oili iendelee kwanza, maana joto la shafti bado linatembea kuelekea kwenye beringi. Kama jenereta inapozwa kwa haidrojeni, oili ya sili zake haiguswi mpaka haidrojeni itolewe kwa kaboni dioksidi, kisha hiyo itolewe kwa hewa. Gia nyingi hujishika zenyewe, hivyo toa sakiti breka yake na uifunge, kila fundi na kufuli yake, ufunguo mfukoni mwake. Vali moja ya mvuke iliyofungwa haitoshi: funga mbili, na dreni iliyo kati yake iwe wazi.

Kwenye jotoardhi, kama Olkaria kule Kenya, mvuke unaingia ukiwa karibu nyuzi 150, kwa hiyo kusubiri ni kufupi sana. Hatari inahamia kwenye haidrojeni salfaidi, nzito kuliko hewa, inayotuama chini ya kondensa. Pima kwa kifaa kabla mtu hajaingia. Pua haitakusaidia, kwa sababu gesi hiyo ikizidi pua huacha kuinusa.

Blanketi usizivue upande mmoja kasha likiwa bado moto, na kwenye mashine za zamani zipimwe asbesto kwanza. Bolti za kiungo cha kasha zisubiri joto lishuke chini ya nyuzi 80. Usitegemee skrini pekee: pima kwa kipimajoto cha mkononi juu, chini, kushoto na kulia. Namba hizo nne zikiachana sana, kasha bado limepinda, na nati utakazofungua zitauma meno ya bolti na kukwama.