Muulize Fundi Silaha: 9 na 9 si ndugu

SWALI: Afande mstaafu, shikamoo. Kijiweni kwetu Kirumba tumebishana. Mmoja anasema Luger ya Wajerumani na Makarov ya Warusi zote ni milimita 9, kwa hiyo zinakula risasi moja. Mwingine anasema risasi za bastola za jeshi zimekuwa zikipungua ukubwa tangu zamani. Nani yuko sahihi?
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo wa kwanza asije akapewa funguo za ghala la silaha. Enzi zangu, vijana wapya niliwawekea risasi hizo mbili mezani wazitenganishe kwa macho. Ganda la Luger, yaani kile kikopo kinachobeba baruti, lina urefu wa milimita 19, la Makarov 18. Tena kichwa cha Makarov, kile kipande kinachoruka, ni kinene zaidi, milimita 9.27, cha Luger ni kama 9.01. Maboksi yote yameandikwa 9, lakini bastola haisomi boksi.

Wa pili kapatia nusu: baadhi zimepungua, nyingine zimeongezeka. Mwaka 1893 Hugo Borchardt alitoa bastola ya kujijazia yenye risasi ya milimita 7.65. Georg Luger, pale kiwanda cha DWM mjini Berlin, akalifupisha ganda ili bastola ishikike vizuri, na Uswisi ikaichukua jeshini 1900. Majeshi mengine yakanuna: kichwa chembamba mno. Hapo Luger akafanya jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Aliupanua mdomo wa ganda lilelile mpaka ukapokea kichwa cha milimita 9, kitako kikabaki vilevile, na bastola ikahitaji hasa mtutu mpya. Jeshi la majini la Ujerumani likaikubali 1904, la nchi kavu 1908.

Wamarekani walikuwa na kidonda chao Ufilipino, ambako risasi zao za inchi 0.38 zilishindwa kuwasimamisha wapiganaji wa Moro, Waislamu wa kusini mwa visiwa hivyo. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walijaribu risasi kwenye maiti za watu na kwa ng'ombe hai huko Chicago. (Mimi Msukuma, hapo kwenye ng'ombe huwa nasoma haraka nipite.) Wakaamua kichwa kisipungue inchi 0.45, yaani milimita 11 na ushee. Kina gramu 15 hivi. Cha 9 kina kama 8.

Sasa mbona 9 ndiyo iliyoenea? Askari anabeba nyingi, magazini inameza nyingi, na teke lake linavumilika kwa mtu anayefyatua bastola mara chache kwa mwaka. Halafu bunduki fupi za rashasha, MP40 ya Wajerumani na Sten ya Waingereza, zilitumia hiyohiyo. Kwangu mimi mtunza ghala, hilo ndilo lililomaliza ubishi: boksi moja, silaha mbili. Wamarekani wenyewe waliichagua 1985.

Zilizo ndogo kweli zipo. Warusi walitengeneza PSM ya milimita 5.45, bastola nyembamba ya kufichwa kwenye nguo. Wabelgiji wa kiwanda cha FN wakaja na 5.7, kichwa cha gramu 2 tu kinachotoka kwenye rashasha yao fupi, P90, kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, kusudi kitoboe fulana za kuzuia risasi. Ni kazi nzuri, ila haijaing'oa 9. Jeshi la Marekani lilipochagua bastola mpya 2017, lilichukua SIG Sauer M17, na ndani yake mna milimita 9 ya Luger.