Ule Uso wa Kijani Si Mgonjwa

Juzi msomaji mmoja amenitumia mchoro wa sura na swali: "Uso ni wa kijani, jicho moja limeshuka hadi shavuni. Huyu anaumwa, au aliyemchora hajui kuchora?" Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu. Swali hilo nalijua.

Miaka kadhaa iliyopita nilimchora mama yangu kwa pasteli, vile vijiti laini vya rangi, majuma machache baada ya kumzika baba. Shavu la kushoto nililitia kijani, shingo nikairefusha, viganja nikavifanya vikubwa kuliko kichwa. Niliupeleka mchoro kwenye mashindano. Jaji mmoja alisimama mbele yake, dakika haikuisha, akasema watu wakisikia kwamba nirudi nikajifunze maumbile ya mwili. Maumbile nilikuwa nayajua! Nilishachora mifupa na misuli mpaka nikaiota usiku. Mchoro ule niliugeuza ukatazama ukuta, na mpaka leo neno lile linaniuma.

Aliyeniinua ni Henri Matisse, mchoraji wa Kifaransa. Mwaka 1905 alimchora mkewe, Amélie, akapitisha mstari mnene wa kijani katikati ya uso. Wengi huutafutia maana: wivu, maradhi, sumu. Mimi nilikodoa macho nikaona upande mmoja wa uso una rangi za joto na wa pili una rangi za baridi, na ule mstari umekaa mpakani. Kijani kinafanya kazi ya kivuli, basi. Ndiyo maana nawaambia, wachoraji wenzangu, hakuna kamusi ya rangi. Iangalie rangi pamoja na jirani zake. Ifunike kwa kidole, kisha uone mchoro umepungukiwa na nini.

Umbo lililopindwa nalo halisomwi kwa rula. Mchoraji wa Kijerumani Ernst Ludwig Kirchner alijichora mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa amevaa sare ya jeshi, mkono wa kulia umekatwa, damu imejaa. Mkono wake haukukatwa kamwe. Ila vita vilikuwa vimemvunja kiasi cha kuruhusiwa kuondoka jeshini, na mchoraji anayejiona hana kiganja ametuambia hofu yake yote. Ukikutana na bega lililopandishwa hadi sikioni, pandisha la kwako, ukae hivyo kidogo. Mwili utakujibu kabla ya vitabu. Na wewe unayetamani kazi zako zitundikwe ukutani, usipinde kiungo kwa sababu umeona wengine wakipinda. Pinda pale moyo ulipokushika. Viganja vya mama nilivikuza kwa kuwa siku zile ndivyo pekee nilivyoweza kuvitazama, usoni sikuthubutu.

Kwa msomaji wangu: nililifunika lile jicho lililoshuka kwa kidole gumba. Ikabaki sura nzuri inayonikazia macho. Nilipoondoa kidole, sura ikaacha kunitazama, ikawa kama inasikiliza kitu kilicho chini, nje ya karatasi. Nimemjibu hivyo hivyo, nikamwomba naye afunike aniambie anaona nini.