Taa ya cheki injini ikitaja sensa ya oksijeni, usikimbilie kununua nyingine

Mkuu, nimesoma swali lako. Toyota IST yako imewasha taa ya cheki injini, mashine ya kusoma makosa imetoa namba P0171, mafuta yanakwenda kuliko zamani, na fundi amekupa njia mbili: ununue sensa mpya ya oksijeni, au akate masega (kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi) na kuizima sensa ili gari "ipumue". Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar, na kazi za namna hii zinaingia gereji kwetu kila mara, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu. Njia zote mbili alizokupa zisubiri kwanza.

P0171 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kompyuta ya injini imeona hewa ni nyingi kuliko mafuta, ikaongeza mafuta, ikaongeza tena, mpaka ikafika ukomo wake. Aliyeleta habari hiyo ni sensa, na mara nyingi habari yenyewe ni ya kweli. Ukiibadilisha hapo hapo bila kupima, umemfukuza shahidi na kumwacha mwizi ndani ya nyumba.

Ili uelewe kwa nini nasema hivyo, ijue hii sensa ilivyo. Ndani yake kuna kikombe kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platini nje na ndani. Upande wa nje unapigwa na moshi wa ekzosi, upande wa ndani unapata hewa ya kawaida. Kauri hiyo ikipata moto, kuanzia nyuzi 300 hivi za Selsiasi, inaruhusu chembe za oksijeni kupenya, na tofauti ya oksijeni kati ya pande mbili inazalisha umeme mdogo. Moshi ukiwa na oksijeni kidogo, maana yake mafuta yamezidi, sensa inatoa karibu volti 0.9. Oksijeni ikiwa nyingi inashuka mpaka karibu 0.1. Katikati hapo, kwenye 0.45, ndipo petroli imepata hewa yake sawasawa: kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kompyuta inasukuma mafuta juu na chini kuizunguka hiyo katikati, mara nyingi kwa dakika, muda wote unaoendesha.

Bosch ndio walioitoa, na gari za kwanza kuuzwa nayo zilikuwa Volvo za soko la Marekani mwaka 1976. Lengo halikuwa kubana matumizi ya mafuta. Masega yanaweza kusafisha gesi zote tatu mbaya kwa pamoja, yaani kaboni monoksidi, mafuta yasiyoungua na oksidi za naitrojeni, pale tu mchanganyiko unapokaa karibu sana na hiyo 14.7. Bila sensa, masega hayafanyi kazi yake. Ndiyo maana vitu hivi viwili vinaishi pamoja na vinakufa pamoja.

Gari nyingi tunazoagiza Japani zina sensa mbili, moja kabla ya masega na nyingine baada yake. Ya mbele ndiyo inayopanga mafuta. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuyachunga masega: yakiwa mazima, volti zake zinatulia, mara nyingi kwenye 0.6 au 0.7. Zikianza kuruka juu na chini, kompyuta inajua masega hayashiki kitu tena, na hapo unapata namba ya kosa P0420. Kwa hiyo anayekwambia ukate masega ili taa izime anakwambia jambo litakalokuletea taa nyingine. Watakuja tena na spesa, kile kipande cha kuisogeza sensa ya nyuma mbali na moshi ili kuidanganya, na utaendelea kulipia uongo juu ya uongo huku moshi wako tunauvuta sisi wote kwenye foleni ya barabara ya Mandela. Mimi kazi hiyo siifanyi, na wateja wangu wanajua.

Najua kuna mafundi wazee wanaosema masega hayadumu Afrika. Walikuwa na sababu enzi zao. Petroli ilikuwa na madini ya risasi, na risasi inaua sensa na masega kwa muda mfupi sana. Lakini nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli ile, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vyetu. Gari yako imetumia petroli isiyo na risasi maisha yake yote.

Sasa jambo ambalo limewapotezea watu pesa nyingi. Toyota nyingi za miaka ya 2000 na kuendelea, sensa ya mbele si ile ya volti 0.1 hadi 0.9. Ni sensa ya hewa na mafuta, mafundi tunaiita A/F. Kwa nje zinafanana kabisa: waya nne, nati ile ile, uzi wa kufungia ule ule, na wakati mwingine hata soketi inaingia. Ila A/F inapima kiasi gani umezidi au umepungua, si kuzidi au kupungua tu. Ukiisoma kwa mashine inayoielewa Toyota, inakaa karibu volti 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa. Hewa ikizidi volti zinapanda, mafuta yakizidi zinashuka, yaani kinyume cha ile nyingine. Nimepokea gari ambazo fundi aliyetangulia aliona A/F "haichezi", akaihukumu kuwa imekufa, akafunga sensa ya kawaida mahali pake. Gari ikawa inatoa moshi mweusi na kuzimazima kwenye taa za barabarani. Kabla hujanunua chochote, chukua namba iliyoandikwa kwenye mwili wa sensa yako, au namba ya chesisi, na muuza spea akutafutie inayolingana. "Hii inaingia" si jibu.

Turudi kwenye P0171 yako. Mwambie fundi afungue kwenye mashine sehemu inayoonyesha mambo papo kwa papo, atafute fyueli trimu ya muda mrefu. Hiyo ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kuliko ilivyopangiwa. Ikiwa ndani ya 10 juu au chini, huna shida. Ikikaa juu ya 20, kuna kitu. Asome gari ikiwa sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, halafu ashikilie mizunguko 2,500 kwa dakika asome tena.

Trimu ikiwa juu kwenye sailensa lakini ikashuka vizuri ukikanyaga, kuna hewa inaingia isikopimwa: mpira wa vakyumu umepasuka, valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue), gasketi ya menifoldi, au ule mpira mkubwa unaotoka ea klina kwenda kwenye throto. Ukikanyaga, injini inavuta hewa nyingi kiasi kwamba ule uvujaji mdogo hauna athari tena. Ilikuja Toyota Noah ambayo mwenyewe alishabadilisha sensa ya mbele na ya nyuma, na taa inarudi kila wiki. Ule mpira mkubwa ulikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo huoni mpaka uuchomoe na kuukunja. Sensa zake za zamani alikuwa ameshazitupa.

Trimu ikiwa nzuri kwenye sailensa na ikapanda unapokanyaga, fikiria mafuta hayatoshi: pampu imechoka, chujio la ndani ya tanki limeziba, au nozeli za kupulizia mafuta ni chafu. Au sensa ya hewa, ile iliyo karibu na ea klina, imepata vumbi. Hii ina kawaya kembamba kanakopashwa moto; hewa ikipita inakapoza, na kompyuta inahesabu hewa kwa umeme unaohitajika kukarudishia joto. Kakishikwa na uchafu kanapima hewa kidogo kuliko iliyopita. Kuna dawa yake maalumu ya kupuliza, inasafisha bila kuacha mafuta. Usiguse kwa kidole wala pamba, usipulize upepo wa kompresa, na usitumie dawa ya kabureta. Puliza, acha ikauke yenyewe kabisa, rudisha. Kwa wanaoishi kwenye barabara za vumbi hii ndiyo kazi ya kufanya mara kwa mara, pamoja na kubadilisha ea klina badala ya kuipigapiga chini.

Halafu kuna ekzosi inayovuja kabla ya sensa. Watu wengi hawaamini mpaka waone. Moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo mgandamizo unashuka, hewa ya nje inaingia kwenye tundu. Sensa inaonja oksijeni ile, inasema mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza. Injini inakunywa petroli bila sababu na mashine inaendelea kusema hewa imezidi. Sikiliza asubuhi injini ikiwa baridi: mlio wa tik-tik-tik unaopungua injini ikipata moto, au alama nyeusi za masizi kwenye gasketi ya ekzosi, ndiyo hiyo.

Kuna wakati sensa yenyewe kweli imekufa, na hapo hita ndiyo huanza. Kwa kuwa kauri haifanyi kazi baridi, sensa zina hita ndani ya kuzipasha haraka. Ikikatika unapata namba kama P0135 au P0031 kwa ya mbele, P0141 kwa ya nyuma. Angalia fyuzi kwanza, kisha waya zilizoungua kwa kulala juu ya ekzosi. Kisha chomoa soketi, weka multimita kwenye waya mbili zenye rangi moja upande wa sensa. Hizo ndizo za hita. Sensa ya kawaida ya Toyota injini ikiwa baridi husoma kama ohm 11 hadi 16, A/F husoma ohm chache tu. Mita ikionyesha njia imekatika, hiyo nunua bila kujiuliza.

Chunguza pia kilichoiua, la sivyo mpya itakufa vile vile. Ncha yenye masizi makavu meusi inaonyesha mafuta yanazidi. Unga mweupe wa silikoni hutoka kwenye gasketi ya dawa, ile ya kupaka kutoka kwenye tyubu, isiyofaa kwa gari zenye sensa. Soma kwenye tyubu kama imeandikwa ni salama kwa sensa. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ikiingia kwenye silinda nayo inaacha ukoko. Injini inayokula oili inapaka fosforasi juu ya platini taratibu mpaka sensa inakuwa nzito kujibu. Na usisahau mafuta yaliyochakachuliwa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya wizi huo, kwa hiyo jaza kwenye vituo unavyoviamini na utunze risiti.

Plagi na koili zibadilishwe mapema. Silinda isiyochoma inapeleka petroli mbichi kwenye masega, inaungulia mle, na masega yanayeyuka. Taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo ukiwa barabarani, punguza mwendo, paki, usiifukuzie mpaka nyumbani. Na msimu wa mvua, ukiwa umetoka safari ndefu ekzosi ina moto, usiingie kwenye maji ya mafuriko ya bonde la Jangwani yanayofika kwenye bomba. Kauri ya moto ikipigwa na maji baridi inapasuka.

Kuiosha kwa petroli, kuikwangua kwa brashi ya waya, kuichoma kwa moto wa gesi: yote hayo yanafanyika na yote yanaharibu. Kauri ina vinyweleo vidogo na platini yake ni utando mwembamba sana. Sensa hii haioshwi. Utunzaji wake ni kutunza injini inayoichomea moshi.

Wakati wa kuifunga mpya, ilegeze ya zamani ekzosi ikiwa na uvuguvugu, tumia soketi yenye mpasuo wa kupitisha waya, nati nyingi ni 22. Grisi ya kuzuia kukwama ipake kwenye uzi tu, isiguse ncha. Waya zikikatika usizilehemu kwa risasi: sensa nyingi zinavuta ile hewa ya ndani kupitia katikati ya nyuzi za waya, na ukilehemu umeiziba pumzi. Tumia viunganishi vya kubana. Kwa sababu hiyo hiyo usijaze grisi kwenye soketi yake.

Kuhusu umri: zile za zamani zisizo na hita huchoka kati ya kilomita 50,000 na 80,000, zenye hita karibu 100,000, na A/F hufika hata 160,000. Ila kilomita za dashibodi ya gari ya mtumba usizitegemee sana. Amini anachosoma fundi.

Kwa hiyo mkuu, kabla hujatoa hela, niletee hapa namba mbili: trimu ya muda mrefu ukiwa sailensa na ukiwa mizunguko 2,500. Ukiweza piga na picha ya ule mpira wa ea klina upande wa chini.