Kabla Hujariseti Kompyuta ya Nyumbani, Zitafute Faili Zako

Fundi aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, una kitu cha muhimu humu?" Nikamjibu palepale kwamba vitu vyangu vyote viko Documents, Pictures na Desktop. Akavinakili kwenye diski yake, akafomati laptopu, akaweka Windows upya, kisha akanirudishia kila nilichomtajia. Nikamlipa, nikapanda matatu ya kurudi Lanet nikiwa nimeridhika kabisa. Siku ya tatu ndipo nilipoikumbuka folda ya KUKHU.

Kukhu ni nyanya, kwetu Bungoma. Desemba 2019 nilikaa naye jioni kadhaa nje ya jiko lake, upande wa Chwele, nikamrekodi kwa simu. Rekodi saba. Anawataja ndugu zake mmoja mmoja, nani alitahiriwa rika gani, dada yupi aliolewa wapi na kwa ng'ombe wangapi. Katikati anasita amfukuze kuku aliyeingia kwenye mahindi, halafu anaendelea palepale alipoachia. Rekodi hizo nilizihamishia kwenye laptopu nikazipa folda yake, moja kwa moja ndani ya diski C, ili zisichanganyike na mitihani ya wanafunzi. Niliitenga kwa kuithamini, na kule kuitenga ndiko kulikoipoteza. Simu niliyorekodia nilikuwa nimeshaiuza. Kukhu naye alikuwa ameshatutoka.

Nilirudi mjini mbio. Fundi alijaribu programu ya kufufua faili hadi jioni, hakupata kitu. Alinieleza kwamba diski za zamani, zile zinazozunguka, huacha data ya awali mahali pake mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake, kwa hiyo ukiwahi unaweza kuokoa kiasi. Yangu ilikuwa SSD, diski ya kisasa isiyozunguka. Hiyo ikishafomatiwa, Windows huiarifu kwamba nafasi zote ziko wazi, nayo huzisafisha yenyewe.

Fundi simlaumu. Aliuliza, nami nilijibu kwa kumbukumbu. Hapo ndipo ninapotaka usimame nawe: ukiulizwa vitu vyako viko wapi, usijibu kutoka kichwani. Tafuta kwanza.

Kutafuta kwenyewe si kazi ngumu. Fungua This PC, kisha kwenye kisanduku cha kutafutia andika *.jpg na usubiri. Itakuletea picha zenye jina linaloishia .jpg, hata zile ulizosahau. Rudia kwa *.pdf, *.docx, *.xlsx, *.mp4 na *.m4a. Kila unapoona faili usiyoitarajia, bofya kitufe cha kulia cha kipanya uone inakaa folda gani, uiandike kwenye karatasi. Mwaka jana nilipofanya hivi kwa kompyuta ya mezani ya nyumbani, nilikuta skani ya hati ya shamba ndani ya Downloads, katikati ya risiti na fomu za zamani. Hesabu za chama zilikuwa ndani ya folda ya programu yenyewe ya hesabu, mahali ambapo nisingepapekua maishani. Programu za namna hiyo ni afadhali uzifungue na utumie njia yake yenyewe ya kutoa nakala. Nywila na alamisho za kivinjari nazo hazikai Documents. Hakikisha zimeshaingia kwenye akaunti yako kabla hujagusa lolote.

Kisha nakili. Flashi nyingi huja zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi itakataa kuingia hata kama nafasi imebaki tele. Ifomati flashi hiyo kwa exFAT ikiwa bado tupu. Ukimaliza, linganisha: fungua Properties za folda ya asili na za nakala, idadi ya faili na ukubwa vilingane. Halafu chomoa flashi uipeleke kwenye mashine nyingine, hata ya jirani au ya saiba, ufungue faili kadhaa. Video iruke hadi katikati, kisha mwisho. Kuna flashi za bei ya kutupa zinazojitangaza GB 256 nazo hazina hata robo yake. Jina la faili utaliona, ila ukibofya hakuna kitu. Hifadhi za mtandaoni zinasaidia, Google hutoa GB 15 bure na OneDrive GB 5, lakini kupakia picha za miaka kumi kwa bando la simu ni shughuli ya siku nyingi. Mimi hupeleka huko zile nyaraka ambazo sitaki kuzikosa hata nyumba ikiungua.

Tangu Microsoft ikomeshe msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, walimu wenzangu wengi wanariseti mashine zao, na wananiambia: "Si kuna Keep my files?", yaani ile njia ya kuriseti bila kufuta faili. Ipo, na hufanya inachosema kwa faili zako binafsi, lakini programu ulizoweka mwenyewe zote huondoka. Tena umeme ukikatika kazi ikiwa nusu, na Nakuru tunajua unavyokatika, hakuna wa kukuhakikishia lolote. Itumie ukiwa tayari na nakala mkononi. Laptopu iwe kwenye chaja na betri imejaa. Ukichagua Cloud download, yaani Windows ipakuliwe upya kutoka mtandaoni, jiandae kutumia kama GB 4 za intaneti. Ukiona swali la kama usafishe diski zote au ile ya Windows pekee, usikimbilie kubofya, maana D yako huenda ndiyo yenye picha za watoto.

Laptopu mpya nyingi pia zimefungwa kwa usimbaji, yaani data yake haisomeki bila ufunguo, na katikati ya zoezi zinaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Uutoe mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye daftari. Pasipo huo, hata fundi hodari hawezi kukufungulia.

Binamu yangu wa Webuye alikuwa na rekodi moja kati ya zile saba, niliyomtumia kwa WhatsApp siku ileile niliyorekodi. Dakika 11. Sasa iko kwenye flashi iliyo kabatini kwangu, kwenye diski iliyo kwa dada yangu Bungoma, na mtandaoni.

Flashi yako nayo usiifute wiki ile ile mashine inapopona. Ikae angalau miezi miwili. Mimi wiki ya tano ndipo nilipohitaji alama za muhula wa kwanza, nikazikuta humo.