Piano kuukuu ya Ulaya: ikague kuanzia mvunguni

Anayetafuta piano ya zamani ya Kijerumani au ya Kiaustria mara nyingi husoma jina lililoandikwa kwa dhahabu juu ya vibonyezo, akapitisha kiganja kwenye vanishi, akaanza kuulizia bei. Jina halimwambii kitu. Bechstein ya Berlin na Blüthner ya Leipzig zote zilianzishwa mwaka 1853, na zote zimeacha duniani vyombo vizima na vyombo maiti. Vanishi nayo ni kazi ya mwisho ya fundi na ndiyo rahisi kuliko zote kurudiwa. Kagua kwa mpangilio ule ule chombo kilivyojengwa: ubao wa sauti, madaraja, pini, nyuzi, mtambo wa nyundo, na mwisho kabisa sanduku.

Beba tochi, uzi wa kushonea wa mita mbili, rula fupi ya chuma, kabari mbili za raba za kunyamazishia nyuzi, na simu yenye programu ya kupima noti. Ukiweza kuazima ufunguo wa kutyunia, bora zaidi.

Za kuacha bila kuuliza bei

Fungua kifuniko cha juu cha piano ya kusimama. Ukiona safu ya waya nyembamba imesimama mbele ya nyundo zote kama tundu la chiriku, funga kifuniko, sema asante. Hapo vizimasauti vimekaa juu ya nyundo badala ya chini yake. Vinaugusa uzi karibu na mwisho wake, mahali unapotikisika kidogo, kwa hiyo noti inaendelea kuvuma hata ukiinua kidole. Fundi naye anatyuni akipenyeza mkono kati ya waya, na atakutoza kwa usumbufu huo.

Angalia pia fremu. Piano yenye vibonyezo 88 ina nyuzi kama 230, na mvuto wao wote ukijumlishwa unafika tani 18 hadi 20, mzigo wa Fuso mbili. Fremu ya chuma ya kusubu ya kipande kimoja ilipewa hataza huko Boston mwaka 1825, kwa jina la Alpheus Babcock, lakini mafundi wengi wa Ulaya walichelewa kuikubali wakiogopa kwamba chuma kingeharibu sauti. Ndiyo maana piano nyingi za karne ya 19 zina fremu inayoishia chini ya pini, huku mbao pekee ikishikilia sehemu ya juu. Kwa jumba la makumbusho ni hazina. Kwa mtoto anayejifunza, au kwaya inayotaka noti zilingane na gitaa, ni mzigo.

Ubao wa sauti

Sasa lala chali chini ya piano ya kulala, au isogeze ya kusimama kutoka ukutani uingie nyuma yake. Ubao mpana wa rangi ya asali unaouona pale ndio piano yenyewe. Uzi peke yake hauna sauti ya maana. Ubao ndio unaosukuma hewa.

Umetengenezwa kwa msprusi, jamaa wa msonobari, unaokua polepole kwenye baridi ya milimani hadi pete zake zikabanana. Fazioli, mtengenezaji piano wa Sacile, Italia, huchukua msprusi wake kutoka bonde la Val di Fiemme. Mti huchanwa ili mistari ya pete isimame wima kwenye unene wa ubao, kwa sababu mbao iliyochanwa hivyo hupindika kidogo na hubeba mtikisiko haraka. Unene ni kama milimita 8 au 9 katikati, ukipungua kuelekea kingo.

Fundi hukausha ubao huo hadi unyevu wa asilimia 5 au 6 hivi, kisha huubandika mbavu za mbao kwa upande wa chini, zikikatiza mistari yake. Ubao ukirudi kwenye hewa ya kawaida unakunywa unyevu na kutaka kutanuka kwa upana. Mbavu zinakataa. Ukikosa pa kwenda, unabinuka kuelekea kwenye nyuzi kama mgongo wa kasa, lakini kwa milimita chache tu. Wako wanaozichonga mbavu zenyewe zikiwa na mpinde tayari, ili mbinuko usitegemee unyevu peke yake. Kwa njia yoyote ile, mbinuko ndio unaohimili nyuzi zinazoukandamiza ubao kupitia daraja. Nyuzinyuzi za mbao zikishabonyea kwa miaka 80, mbinuko unalala, na sauti inalala nao: inatoka kwa mshtuko kisha inakatika.

Hapo ndipo uzi wa kushonea unapofanya kazi. Uvute ukiwa umenyooka kwa upande wa chini, sambamba na ubavu mrefu kuliko zote, miisho yake ikigusa ubao karibu na kingo. Pima nafasi iliyobaki katikati, kati ya uzi na ubao. Milimita moja hadi tatu, una bahati. Uzi ukilala bapa, au ubao ukiusukuma uzi nje, mbinuko umekwisha, na kuurudisha ni kazi ya kiwandani.

Nyufa zenyewe zisikutishe. Ubao wenye ufa mmoja au miwili unaweza kuimba vizuri kuliko mzima uliolala. Kinachoua ni ubavu uliobanduka. Bonyeza ubao kwa kidole gumba kandokando ya kila ubavu karibu na ufa. Ukisogea, au ukisikia mlio wa mbao mbili kugusana, hapo ndipo mngurumo utakapotokea noti nzito ikipigwa.

Jambo moja kuhusu Bösendorfer wa Vienna, maana watu huwapima kwa kipimo cha wengine. Kiwanda hicho, kilichoanza 1828, hutengeneza hata ukuta wa sanduku kwa msprusi mnene, uliokatwa mifereji ili upindike, kusudi sanduku nalo liimbe. Steinway wa Hamburg huukunja ukuta kwa tabaka nyingi za mbao ngumu zilizogundishwa pamoja, uirudishe nguvu kwenye ubao. Kwa hiyo kiungo kilichoachia ukutani ni kasoro kwa piano yoyote, lakini kwa Bösendorfer kinaingia moja kwa moja kwenye sauti.

Daraja

Daraja hubeba mtikisiko kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye ubao, na kila uzi hupita juu yake ukibanwa na vipini viwili vidogo vya chuma. Angalia kwa tochi kama kuna nyufa zinazounganisha kipini na kipini, hasa juu, upande wa noti nyembamba. Mbao ikipasuka pale, kipini kinatikisika na uzi unapoteza mwisho wake. Jaribu hivi: nyamazisha nyuzi mbili kati ya tatu za noti, piga uliobaki. Ukisikia sauti inayumba “wa-wa-wa” hali uzi ni mmoja tu, hakuna fundi atakayeituliza kwa kutyuni. Noti mbili tatu za namna hiyo hazikosekani hata kwenye piano nzuri, ila zikijaa oktava nzima rudi nyuma.

Halafu laza rula fupi kwa urefu wa uzi, pale uzi unapotoka kwenye daraja kuelekea nyuma. Rula ikichezacheza kama pembea, uzi unashuka, maana yake bado unaukandamiza ubao. Ikitulia bapa sehemu nyingi, inasema kile kile ulichosema uzi wa kushonea uliolala: ubao umezama.

Pini: hapa ndipo pesa hupotea

Kila uzi umezungushwa kwenye pini ya chuma yenye kipenyo cha kama milimita 7, iliyogongewa ndani ya bao la tabaka za mbao ngumu. Hakuna kokwa wala skrubu inayoishika, ni msuguano mtupu. Pini mpya inahitaji nguvu ya nyutoni-mita 10 au zaidi kuizungusha. Ikishuka chini ya 5, haishiki tena.

Kama huna kipimo, soma dalili. Kati ya mizunguko ya waya na fremu inatakiwa ibaki nafasi ya milimita 5 hivi. Mizunguko ikigusa fremu, jua kuna aliyezigonga pini ndani kwa nyundo ili zishike kwa muda. Alama za gundi nyembamba iliyokauka kuzunguka pini, au vipande vya karatasi ya msasa vinavyochungulia, vinasema hivyo hivyo. Pini chache zilizolegea hubadilishwa kwa zilizonenepa hatua moja. Bao lililopasuka lenyewe ni habari nyingine: nyuzi zote zitolewe, fremu iinuliwe, bao lichongwe upya. Gharama hiyo kwa kawaida inaipita bei ya piano.

Kwa mwenye ufunguo, kipimo cha uhakika ni hiki: tyuni noti tano zilizotawanyika, zipige kwa nguvu mara ishirini kila moja, rudi kesho yake. Muuzaji asiyekubali urudi kesho amekwisha kujibu.

Noti zimeshuka kiasi gani

Piga A ya katikati na utazame simu. Siku hizi lengo ni 440, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde. Piano nyingi za Ulaya za mwisho wa karne ya 19 zilijengewa 435, kipimo cha Ufaransa cha 1859 kilichokubaliwa na mkutano wa Vienna mwaka 1885, kwa hiyo 435 si ugonjwa. Ikisoma 415 imeshuka karibu nusu toni nzima.

Usikubali mtu aivute ifike mara moja. Kila uzi unaokazwa unaongeza uzito juu ya ubao na fremu, nao unaulegeza uzi uliokwishatyuniwa. Ndiyo maana ukifika mwisho, noti ulizoanza nazo zimeshashuka. Kanuni ya mafundi ni kuvuka lengo kwa robo ya upungufu: imeshuka senti 40 (senti mia hufanya nusu toni), vuta hadi senti 10 juu ya lengo, itazama yenyewe. Kwa nusu toni, gawa kazi mara mbili au tatu, wiki kadhaa kati yake. Tazama kwanza kutu pale waya unapopinda kuingia kwenye pini, maana hapo ndipo unapokatika. Nyuzi za besi zilizovikwa shaba zikitoa mlio wa kugonga debe, uchafu umeingia katikati ya mizunguko ya shaba. Wakati mwingine kuzilegeza, kuzikunjakunja na kuzisugua kunarudisha uhai. Mara nyingi hakurudishi.

Mtambo wa nyundo

Katika piano ya kulala, kila kibonyezo kinasukuma mfumo wa vijiti uliotokana na uvumbuzi wa Érard, watengenezaji piano wa Paris, wa 1821, unaokuwezesha kurudia noti kabla kibonyezo hakijapanda chote. Bonyeza polepole sana. Nyundo inapaswa kujiachia ikiwa imebaki milimita 2 kugusa uzi. Ikigusa kabisa, itabana noti. Ikijiachia mapema, huwezi kupiga taratibu. Kibonyezo kishuke milimita 10, na uzito wa gramu 50 hivi ukiwekwa mwisho wake ukishushe.

Vibonyezo vizito au vinavyorudi kwa uvivu ndiyo lalamiko kubwa la Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na chanzo ni kimoja. Viungo vya nyundo vinazunguka kwenye vipini vya unene wa milimita 1.3, vilivyozungukwa na felti ya sufu. Felti ikivimba kwa unyevu inakibana kipini. Toa nyundo, iache ibembee: ikitulia baada ya bembea moja au mbili imebana, tano hadi saba ni sawa. Dawa ni kukausha, au tone la spiriti lenye maji kidogo kwenye felti, au kuitanua kwa kisugulio chembamba na kuweka kipini kipya.

Usipulizie mafuta. Kwa siku mbili itateleza kama mpya, kisha mbao na felti zitayanywa, vumbi lishike, na kiungo kigande kuliko mwanzo. Mtambo uliopuliziwa mafuta haununuliwi kwa bei yoyote.

Vichwa vya nyundo ni sufu iliyoshindiliwa. Mifereji ya nyuzi ikiwa mifupi, hupigwa msasa kwa tabaka hadi umbo la ncha ya yai lirudi. Mbao ikichungulia kwenye nyundo ndogo za juu, ni za kubadilisha. Umbo hutangulia, sindano hufuata: fundi hulainisha sauti kwa kudunga mabega ya nyundo, siyo kileleni, kwa sababu kilele kikichanguliwa sauti inakuwa ya pamba na haikazi tena. Na mulika chini ya vibonyezo. Nondo hula felti, mchwa hula kilichobaki.

Pembe za ndovu

Kibonyezo cheupe chenye mstari mwembamba unaokikata pale vyeusi vinapoanzia, na michirizi kama ya mbao ndani ya weupe, huenda ni pembe halisi. Sehemu kubwa ya pembe za karne ya 19 ilipitia Zanzibar, na viwanda vya vibonyezo vya Connecticut vilikuwa na mawakala wao kisiwani. (Vyeusi si mpingo, kama wengi wanavyodhani. Vya zamani vilivyo bora ni mwebani, mti mwingine mweusi uitwao ebony kwa Kiingereza. Mpingo wetu huishia zaidi kwenye klarineti.) Tangu uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara ya kimataifa ya pembe imefungwa, kwa hiyo piano hiyo isipakiwe meli bila vibali vya nchi inakotoka na inakokwenda. Ukikwama, mwombe muuzaji abandue pembe aweke plastiki kabla haijatoka.

Ikishafika

Piano inataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55, usioyumba. Pwani hupati hiyo bila msaada, na kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko joto la kudumu: ubao unavimba na kusinyaa kila siku, noti za katikati zikipanda na kushuka kuliko za kando. Weka fimbo ya umeme ya kukausha hewa, ya wati chache, ndani ya sanduku, iwake usiku na mchana. Iweke mbali na dirisha, na kipima unyevu cha bei nafuu kikae juu ya kifuniko. Usiite fundi wiki ya kwanza. Iache wiki tatu au nne izoee chumba, kisha tyuni, kisha rudia baada ya miezi mitatu.